"Zombie" si wimbo wa filamu ya kutisha



Miaka mingi niliimba "Zombie" ya The Cranberries bila kujua naimba nini. Kiingereza changu kilikuwa cha shule tu, na zombi tulimujua kwa filamu: mutu aliyekufa lakini anatembea. Kwa hiyo tulisema ni wimbo wa mizimu. Gitaa linanguruma, dada anapaza sauti mpaka inakatika, sisi tunaruka, imekwisha. Kumbe hakuna muzimu hata mmoja mle ndani.

Tarehe 20 Machi 1993, siku moja kabla ya Sikukuu ya Mama kule Uingereza, mabomu mawili yaliyofichwa ndani ya mapipa ya takataka yalilipuka katika barabara ya maduka mjini Warrington. Yaliwekwa na IRA, kundi la Waayalandi waliotaka Ayalandi ya Kaskazini itoke mikononi mwa Uingereza. Watoto wawili walikufa, mumoja wa miaka 3, mwingine wa miaka 12. Dolores O'Riordan, mwimbaji wa kundi hilo, alikuwa Mwayalandi wa upande wa Limerick, na hakuwa na miaka 22 bado. Aliandika wimbo huo mwaka uleule, ukatoka Septemba 1994.

Sasa angalieni. Wauaji walisema wanapigana kwa jina la Waayalandi wote, na yeye naye ni wa taifa lao. Ndiyo maana katika wimbo anakataa kuhesabiwa pamoja nao, yeye na jamaa yake. Anataja pia mwaka 1916. Hapo ndipo wengi tunapita bila kuelewa. Mwaka ule, wakati wa Pasaka, Waayalandi waliasi Dublin dhidi ya utawala wa Waingereza, na viongozi wao wakapigwa risasi. Kwa hiyo zombi wa wimbo, kwa maoni yangu, si maiti. Ni mutu muzima ambaye kichwa chake kinaendeshwa na vita ya mababu: wao wamekufa zamani, yeye anaua leo.

Si wote wanakubali. Kuna Waayalandi waliolalamika kwamba wimbo unawalaumu IRA na kunyamaza juu ya askari wa Uingereza, ambao nao waliua raia kule Kaskazini. Mwaka 2023, mashabiki wa raga wa Ayalandi walipouimba Paris kwenye Kombe la Dunia, ubishi ukaanza upya. Mimi naona lalamiko lao lina uzito. Mutu aliyezika wake anataka kusikia jina la aliyemuua, si huzuni ya jumla tu.

Najua hilo kwa sababu mimi ni mutoto wa Makobola. Mauaji ya kwetu yalianza 30 Desemba 1998, wakati wa vita ya RCD, yakaingia mwaka mupya. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2010 inataja zaidi ya watu 800 hapo na katika vijiji vya jirani. Hakuna aliyehukumiwa kwa ajili yao. Nililelewa na mama mukubwa, ambaye kila mwisho wa mwaka hapiki kitu cha sherehe. Anakaa tu anataja majina, moja moja, na sisi watoto tulikatazwa kumukatiza.

Juzi, katika grupu letu la WhatsApp, rafiki niliyesoma naye aliandika kwamba kwa jina la wafu wa Makobola vijana tuingie pori, tukawatoe jirani zetu wa milima ya juu. Wengine wakaweka alama ya moto. Nilitaka kunyamaza, maana ukijibu utaitwa musaliti. Lakini nilikuwa na ule wimbo kichwani, basi nikamwandikia pembeni: kati ya majina ambayo mama mukubwa anataja, ni nani alikutuma?

Tena nikamwambia kwamba haki naitaka kama yeye, mbele ya hakimu, na majina ya waliotoa amri yasomwe kwa sauti. Lakini mutoto wa milimani aliyezaliwa 2015 hakuwa Makobola siku ile. Hata mimi sikuwa nimezaliwa.

Amesoma, nimeona zile alama mbili za buluu. Bado hajajibu.