Mtoto mfupi si wa kutuma shimoni

Kwetu Kama, mvulana wa miaka 12 mwenye umbo la miaka 9 anachekwa kwenye masomo, lakini kwenye karière wanamtafuta: anapita mahali pembamba pasipopita baba yake. Naye anatuuliza kila siku, "Baba, nikibeba mchanga nitakuwa mkubwa mbio?"

Sisi wa sendika tunajua mzigo unaleta nini: mgongo. Urefu, hapana. Sheria 09/001 ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, awe mrefu ao mfupi. Mwenye shimo akija kumuomba, tumjibu: huyu iko ku masomo.

Vidonge vya deksametazoni, vile watu wanakunywa ili wanenepe, ni vibaya zaidi. Vinavimbisha mashavu, na mtoto akivizoea vinazuia mifupa kurefuka.

Wavulana hawabalehe pamoja. Mmoja anaanza na miaka 9, mwingine 14, na wote ni wazima. Tumpe dawa ya minyoo. Pesa ya dhahabu ikiingia, mbele ya bia tununue maharagwe, karanga, samaki. Alale mapema.

Tumpime kwa alama ya makaa mlangoni. Kwa mwaka mzima mtoto wa umri huo anaongeza karibu sentimeta 5. Alama isipopanda, tumpeleke kwa muganga, hata Kindu.