Lango Moja, Mifuko Miwili: Pesa za Shule Hugawanywaje?

Katika wadi ya Nyacheki, eneo bunge la Bobasi, kama kwingineko Kisii, darasa la chekechea mara nyingi huwa ndani ya ua wa shule ya msingi. Watoto hupitia lango moja. Hata hivyo, paa la chekechea likivuja, na la gredi ya nne nalo likivuja, pesa za kuyarekebisha hutoka katika mifuko miwili tofauti.

Mgawanyo huo umo katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Serikali ya kaunti inasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Serikali ya kitaifa inasimamia shule za msingi, sekondari, vyuo vikuu na elimu ya wanafunzi wenye mahitaji maalum. Walimu wa chekechea huajiriwa na kaunti. Wa msingi na sekondari huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC.

Mifuko hiyo pia hugawa pesa kwa njia tofauti.

Pesa za serikali ya kitaifa hufuata idadi ya wanafunzi waliosajiliwa. Kiwango kilichowekwa kwa mwaka ni Sh1,420 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma, Sh15,042 kwa wa sekondari msingi na Sh22,244 kwa wa sekondari ya kutwa. Shule ya msingi yenye watoto 200 hukadiriwa Sh284,000. Mtoto asiyesajiliwa hahesabiwi, na shule yenye watoto wachache hupata kidogo hata kama kuta zake ni kuukuu. Ujenzi wa madarasa katika shule hizo mara nyingi hutegemea hazina ya eneo bunge, NG-CDF.

Pesa za kaunti hufuata mpango. Mgao kutoka Hazina ya Kitaifa na ushuru wa kaunti huingia katika kapu moja, ambamo chekechea na vyuo vya ufundi hushindania pesa na zahanati, barabara na maji. Darasa ambalo halimo katika mpango wala katika makadirio ya bajeti halijengwi.

Ndiyo maana tarehe ni muhimu. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, mwaka wa fedha unaofuata ukiwa bado miezi kumi mbele. Taarifa ya sera ya fedha hufuata kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Mzazi anayesubiri hadi Juni kuomba darasa la chekechea huwa amechelewa.

Kaunti inaweza kutekeleza jukumu la serikali ya kitaifa ikiwa tu kuna makubaliano chini ya Kifungu cha 187 cha Katiba.

Kwa hivyo, ombi la chekechea au chuo cha ufundi lipelekwe kwenye vikao vya maoni ya umma katika wadi na kwa mwakilishi wadi, likitaja mahali, idadi ya watoto na kinachohitajika. Lile la msingi au sekondari lipelekwe kwa bodi ya shule, afisi ya elimu ya kaunti ndogo au kamati ya NG-CDF.