Polipu imetolewa ndani ya tumbo: kipimo cha choo kinatosha?

Mtu anatoka Butembo mpaka Kampala, wanamuingiza kamera, wanamutoa polipu mbili. Anarudi nyumbani na karatasi: arudi kisha miaka mitatu. Wakati unapofika, pesa ya safari haiko. Njo anamuuliza munganga wa mtaani: «Dokta, si nifanye tu egzame ya choo? Kama hakuna damu, nibaki hapa.»

Swali lake lina maana. Hata Uingereza, kwenye kamera ziko nyingi, walijiuliza vilevile.

Polipu ni kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa utumbo mkubwa. Nyingi hazifiki kansa, lakini zile zinazoitwa adenoma zinaweza kugeuka kansa kisha miaka mingi. Ndiyo sababu wanazitoa. Na aliyeota moja anaweza kuota ingine.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Unachokoa choo kwa kijiti, unaweka ndani ya kichupa, labo inatafuta damu ambayo jicho haioni. Kile cha zamani kinaweza kudanganywa hata na nyama ya ngombe uliyokula. Kile cha kisasa, FIT, kinashika damu ya binadamu tu. Lakini vyote viwili vinatafuta damu, havitafuti polipu. Polipu isiyovuja siku ile inapita bila kuonekana.

Huko Uingereza, watu karibu 6,000 wa miaka 60 mpaka 72, waliokuwa wametolewa polipu, walirudisha kichupa cha kwanza. Walipimwa choo kila mwaka. Waliokutwa na damu waliingizwa kamera mbele ya wakati, wengine wakaingizwa kwenye mwaka wa tatu. Matokeo yalitoka mwaka 2019: kutumia kipimo cha choo kungepunguza sana gharama na kazi ya kamera. Ila kwa kila adenoma 100 za hatari, kati ya 40 na 70 zingeponyoka, kufuatana na kiwango cha damu walichochagua. Kansa kadhaa pia zingeponyoka. Kwa hiyo jibu la «hakuna damu» haifuti randevu ya kamera.

Kwetu kuna mambo mawili ya kuongeza. La kwanza ni joto. Damu iliyo ndani ya choo inaharibika kwa joto, na kichupa kilichokaa siku nyingi ndani ya gari kutoka Uvira kinaweza kusema hakuna damu kumbe ilikuwako. Uliza labo wanapokea lini, na upeleke mapema. La pili: amiba, bilharzia ya tumbo na hemoroidi pia vinatoa damu. Jibu la «damu iko» si hukumu ya kansa. Lakini kwa mtu aliyetolewa polipu, kumupa dawa ya amiba na kumuacha hivyo ni kosa. Anahitaji kuangaliwa kwa kamera.

Sasa, mbele ya kutafuta pesa, soma tena ile karatasi pamoja na munganga. Kulingana na maelekezo ya waganga wa Ulaya ya mwaka 2020, aliyetolewa adenoma moja mpaka nne, zote chini ya milimita 10, na labo haikuona seli zilizoharibika sana, hahitaji kurudishwa kwa kamera ya kumufuata. Kuna watu wanauza mbuzi kwa safari ambayo hawakuihitaji! Lakini kama moja ilifika milimita 10, ao zilikuwa tano na zaidi, ao seli zilikuwa zimeharibika sana, ni kamera kisha miaka mitatu. Na polipu ya milimita 20 na zaidi iliyokatwa vipande-vipande, wanaiangalia tena kisha miezi mitatu mpaka sita.

Ukiona damu kwa macho, ukikonda bila sababu ao ukiishiwa damu, usingoje miaka hiyo na usingoje kichupa: nenda hospitali. Ile karatasi uipige picha na simu, pamoja na jibu la labo lililopima kinyama. Bila hiyo, munganga atakayekupokea hatajua uko kwenye kundi gani.