Daftari la Wingu Nalo Lina Akidi



Mwajiri akitangaza kwamba daftari la mishahara limehamishiwa "kwenye wingu", limekwenda wapi? Halikwenda mbinguni. Limo katika majumba makubwa yaliyojaa kompyuta, yenye mafundi umeme, mafundi wa mitambo ya kupoza hewa, walinzi na wafagiaji, wafanyakazi kama sisi. Wingu ni jina tu la kompyuta za mtu mwingine, zilizokodiwa na kufikiwa kwa waya.

Zamani daftari lilikaa katika kompyuta moja. Kazi ikizidi, tajiri alinunua kubwa zaidi. Lakini ukubwa una mwisho wake, na mashine hiyo ikifa, kazi yote husimama. Njia ya sasa ni kugawana kazi.

Kwanza, daftari hukatwa vipande, kila mashine ikapewa chake. Ukigawa kwa herufi za majina, karani wa herufi M atachoka, naye wa herufi V atasinzia. Kwa hiyo kompyuta hupiga hesabu juu ya kila jina na kupata namba, na namba hiyo ndiyo huonyesha mashine ya kupelekewa. Hivyo mzigo hulingana. Kazi ikiongezeka, mashine mpya huletwa, nazo za zamani huigawia sehemu ya mzigo.

Pili, kila kipande hunakiliwa, mara nyingi katika mashine tatu au tano. Je, nakala zikitofautiana, ipi ni ya kweli? Dawa yake tunaijua chamani: akidi. Chukua kamati ya watu watano. Wakikutana watatu Jumatatu, na watatu Jumatano, lazima angalau mmoja amehudhuria vikao vyote viwili. Huyo atasema, "Hili tulikwisha kuliamua." Mashine nazo hufanya vivyo hivyo. Malipo hayahesabiwi kuwa yameandikwa mpaka zaidi ya nusu ya mashine zikubali. Waya ukikatika, upande wenye mashine mbili hukataa kuandika, ule wenye tatu huendelea. Heri kusubiri kuliko kuwa na madaftari mawili yanayopingana.

Si madaftari yote yenye sharti hili. Mwaka 2007 wahandisi wa Amazon walieleza daftari lililotumika kwa vikapu vya wanunuzi, ambalo hupokea maandishi kwanza na kusuluhisha tofauti baadaye. Kwa kikapu cha dukani yafaa. Kwa mshahara ni hatari.

Tena, nakala peke yake hazitoshi. Tarehe 20 Oktoba 2025, katika mitambo ya Amazon iliyoko Virginia, Marekani, kasoro ya programu ilifuta anwani ya daftari liitwalo DynamoDB. Mashine zilikuwapo, lakini waliozihitaji hawakujua pa kubisha hodi. Huduma nyingi duniani zilikwama kwa saa nyingi.

Kwa hiyo, viongozi wa matawi, mwajiri akileta mfumo huu tuulize mezani: Nakala ni ngapi, na je, zote ziko mji mmoja? Huduma ikikwama siku ya mshahara, tutalipwaje? Nani ana ruhusa ya kulisoma daftari? Majibu yaandikwe katika mkataba wa hali bora. Na kila mfanyakazi atunze hati yake ya mshahara ya karatasi. Hiyo nayo ni nakala, na haihitaji waya.