Kutu ya Chevrolet na Umeme wa Luilu

Msomaji wetu wa Kolwezi, katika komuni ya Manika, amerithi Chevrolet ya miaka ya 1950, ile ya paa la turubai linalokunjwa, na ameanza kuifumua katika gereji ya nyumbani. Injini inazunguka. Kinachomtesa ni kutu: bawaba za milango, mabano ya bampa, vyuma vya kubebea turubai. Fundi jirani amemwambia apige grenda. Anauliza kama ipo njia isiyokula chuma.

Ipo, na Kolwezi inaishi kwa njia hiyo hiyo usiku na mchana.

Injini, breki na viti nawaachia mafundi. Niseme tu kwamba gari lisilo na paa la chuma hutegemea chesisi na sakafu kuliko magari mengine, na turubai likianza kuvuja, maji hutuama sakafuni humo humo. Kutu ya gari la namna hii huanza na sura na kuishia kwenye uti wa mgongo.

Sasa tuitazame kutu yenyewe. Ardhini chuma hakikai peke yake. Hukaa kimeshikana na oksijeni, na elektroni zake zimekwenda upande wa oksijeni. Tanurini makaa huzirudisha, na hapo ndipo tunapata chuma kinachong'aa. Lakini oksijeni ni mdai asiyesahau. Kongo wanawajua wakopeshaji wa mtaani waitwao Banque Lambert: siku ikifika, hodi inapigwa. Oksijeni nayo hupiga hodi kila siku. Rangi ya gari ni mlango uliofungwa. Maji ndiyo njia anayopita mdai, na chumvi huipanua njia hiyo. Akiingia, kila atomu ya chuma anayoikamata hutoa elektroni zake, mwishowe tatu, na kuacha nafasi yake katika ukuta. Kibaya zaidi, kutu ina vinyweleo. Haimfungii mlango mdai, bali humwachia wazi aingie ndani zaidi. Grenda humfukuza mdai kwa kubomoa ukuta aliouegemea. Umeme hufanya jingine: humlipia mdaiwa. Husukuma elektroni ndani ya chuma kwa wingi hata oksijeni ikose la kudai, na sehemu ya kilichochukuliwa hurudi.

Malipo hayo hufanyika ndani ya pipa la plastiki. Jaza maji, koroga magadi ya kufulia, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne. Ning'iniza bawaba yenye kutu katikati, isiguse kitu kingine, na uifunge kwenye waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12. Pembeni zamisha vipande vya chuma chakavu, vyote vimeunganishwa na waya chanya. Vitabu vya kemia huviita anodi. Mimi naviita chuma cha kafara, kwa sababu ndivyo vinavyoliwa ili bawaba ipone, na fundi akisikia jina hilo hatakosea waya. Ukikosewa, inayoliwa ni bawaba.

Washa chaja. Katika dakika chache viputo vidogo vya hidrojeni huanza kupanda kutoka kwenye bawaba, vingi mno, na juu ya maji hujikusanya povu la rangi ya matofali. Chini ya povu hilo kutu nyekundu inapokea elektroni na kugeuka magnetaiti, oksidi nyeusi yenye oksijeni pungufu, isiyoshikilia chuma kwa nguvu kama awali. Viputo huibandua kutoka chini. Ukiitoa bawaba kesho yake, weusi huo hutoka kwa brashi ya waya ya mkono, na chini yake utaziona hata alama za mashine ya kiwandani, zile ambazo grenda ingezifuta kwa sekunde. Umeme hupenda njia fupi, kwa hiyo zungushia vyuma vya kafara pande zote, la sivyo upande wa nyuma utabaki mwekundu.

Mwenyeji wa Kolwezi asiyewahi kuona pipa kama hilo ameona toleo lake kubwa. Kiwanda cha Luilu, kilichojengwa na kampuni ya Union Minière na kuanza kazi mwaka 1960, kina kumbi za matangi yaliyojaa shaba iliyoyeyushwa katika asidi ya salfa. Kila ioni ya shaba huogelea hadi kwenye bamba hasi, hupokea elektroni mbili, na kutua ikiwa chuma kamili. Hesabu yake haibadiliki popote duniani: ampea moja kwa saa moja hushusha takriban gramu 1.2 za shaba. Ndiyo maana tani moja hudai karibu kilowati-saa 2,000, na ndiyo maana ramani ya mkoa wa Lualaba ni ramani ya umeme: mabwawa ya Nzilo na Nseke juu ya mto Lualaba, kisha laini ya umeme kutoka bwawa la Inga, kilomita 1,700 hivi, inayofika Kolwezi tangu miaka ya 1980. Laini hiyo hubeba mkondo mnyoofu, ule ule wa chaja ya betri. Kolwezi huugeuza kuwa mkondo geu ili usambazwe, na viwanda huunyoosha tena kabla ya kuuingiza matangini.

Tahadhari ni chache. Fanya kazi nje, mbali na moto, kwa kuwa hidrojeni huwaka. Usitumie chuma cha pua kama kafara. Hutoa kromu yenye sumu. Alumini na vipande vilivyopakwa kromu visiingie pipani. Ukimaliza, suuza, kausha na upake rangi ya msingi siku hiyo hiyo, hasa masika, maana chuma kitupu hushika kutu upya ndani ya saa chache.

Wapo Lualaba na Likasi wazee waliokesha kwenye matangi ya viwanda vya Luilu na Shituru. Wanajua kwamba mguso mchafu wa waya huiba ampea, na kwamba shoti hujulikana kwa joto kabla ya kuonekana. Kila wiki maarifa yao huondoka mkoani yakiwa mabamba ya shaba juu ya malori. Yanastahili pia kubaki: kijana anayefufua gari lake akikaa mchana mmoja na mzee wa namna hiyo, atapata bawaba safi, na atajua kwa nini mji wake upo pale ulipo.