Mlango wa USB ukigoma: Hitilafu hutafutwa kuanzia nje kwenda ndani

Mlango wa USB wa kompyuta mpakato hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: hupeleka umeme kwenye kifaa kilichochomekwa, na hupitisha taarifa kati ya kifaa hicho na kompyuta. Mfumo huu ulitoka mwaka 1996 ili tundu la aina moja lichukue nafasi ya matundu mengi ya kibodi, kipanya na printa. Mlango wa kawaida wa mstatili una pini nne. Mbili za pembeni hubeba umeme wa volti 5, moja ikiupeleka na nyingine ikiurudisha. Mbili za katikati ni za taarifa. Milango ya USB 3.0, ambayo mara nyingi plastiki yake ya ndani huwa ya buluu, imeongezewa pini tano. Mlango mdogo wa USB-C, uliotoka mwaka 2014, una pini 24 na huchomekwa upande wowote.

Kwa kuwa kazi ni mbili, moja inaweza kuharibika nyingine ikabaki nzima. Simu inaweza kuchaji vizuri kwenye mlango ambao hauonyeshi picha zake hata moja. Taa ya flashi inaweza kuwaka na mafaili yasionekane. Dalili kama hizo huonyesha kwamba umeme unafika, na kasoro iko kwenye pini za taarifa, kwenye kebo au kwenye programu.

Kinachotokea kifaa kinapochomekwa

Pini za umeme kwenye kichwa cha kebo ni ndefu kidogo kuliko za taarifa, kwa hiyo ndizo zinazotangulia kugusa. Kifaa kikishapata umeme, hupandisha volti kwenye waya mmoja wa taarifa, na kompyuta hujua kuna mgeni. Hukipa kifaa namba, hukiuliza ni cha aina gani na kinahitaji umeme kiasi gani, kisha hutafuta draiva inayokifaa.

Mazungumzo hayo yakikatika njiani, Windows huandika kwamba kifaa hakitambuliki. Wengi huona ujumbe huo kama tangazo la kifo cha mlango, kumbe unathibitisha kwamba kompyuta imehisi kitu. Hali nzito zaidi ni ukimya mtupu: hakuna mlio, taa wala ujumbe. Hapo inafaa kushuku kwanza umeme, pini zisizogusa au mlango uliozimwa.

Kifaa na kebo hupimwa kwanza

Flashi au kifaa kilichokataa kichomekwe kwenye mlango mwingine wa kompyuta hiyohiyo, halafu kwenye kompyuta nyingine. Kikikataa kote, mlango hauna kosa. Baada ya hapo, kipanya chenye waya kinachojulikana kuwa kizima kichomekwe kwenye mlango unaoshukiwa. Kipanya ni kipimo kizuri kwa sababu kinakula umeme kidogo na hakihitaji draiva ya pekee. Kikifanya kazi, pini nne za msingi ni nzima.

Kebo nayo huponza wengi. Baadhi ya kebo zinazouzwa kwa ajili ya kuchajia zina nyaya mbili tu za umeme, na kwa nje hazitofautiani na zile zenye nyaya za taarifa. Simu ikichaji bila kuonekana kwenye kompyuta, kebo ibadilishwe kabla ya jambo lingine lolote.

Diski ya nje inayozunguka huwa na tatizo la peke yake. Mlango wa USB 2.0 unatakiwa kutoa hadi miliampea 500, na wa USB 3.0 hadi 900. Diski inayohitaji zaidi wakati wa kuanza kuzunguka hutoa mlio wa kugonga-gonga, hujizima, kisha hujaribu tena. Kuichomeka kwenye kigawanyio cha USB chenye adapta yake ya umeme mara nyingi humaliza shida hiyo.

Kipanya kisicho na waya kinachokwamakwama nacho hakithibitishi ubovu wa mlango. Vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio katika masafa ya gigahezi 2.4, ambayo vipanya vingi vya aina hiyo huyatumia. Kipokezi kikihamishiwa mbali na diski, mshale hutulia.

Windows ikiomba ruhusa ya kufomati flashi au diski iliyokataa kusomeka, ombi hilo likataliwe hadi ijulikane kasoro iko wapi. Pini chafu inaweza kuleta ujumbe huo huku mafaili yote yakiwa salama, na kufomati ndiko kutakakoyapoteza.

Kuchungulia na kusafisha

Mwanga wa tochi ya simu ukielekezwa ndani ya mlango huonyesha mengi. Katikati kuna ulimi wa plastiki, na juu yake vipande vyembamba vya chuma vyenye rangi ya dhahabu. Vipande hivyo vinapaswa kulingana kwa urefu na kukaa sambamba. Nyuzi za begi hukusanyika nyuma kabisa na kuzuia kichwa cha kebo kisiingie hadi mwisho. Kipande kimoja kinaweza kuwa kimepinda na kumlalia jirani yake. Rangi ya kijani au nyeupe juu ya chuma ni dalili ya kutu, ambayo unyevu na hewa ya chumvi ya pwani huiharakisha.

Kabla ya kugusa chochote, kompyuta izimwe kabisa, chaja ichomolewe, na betri itolewe kama ni ya kutoka. Vumbi hupulizwa kwa hewa ya kopo au kwa bloa ndogo kutoka umbali wa kadiri. Pumzi ya mdomo haifai kwa kuwa ina unyevu. Nyuzi hutolewa polepole kwa kijiti cha meno cha mti. Kutu nyepesi hufutwa kwa spiriti ya aisopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, kisha mlango uachwe ukauke vizuri. Sindano, pini ya nguo na kitu chochote cha chuma havifai: kompyuta ikiwa bado ina umeme, ncha moja inatosha kuunganisha volti 5 na waya wa kurudishia na kuunguza saketi.

Upande wa programu

Mlango ukiwa safi na kifaa kikiwa kizima, zamu inayofuata ni ya programu. Kompyuta iwashwe upya kwa amri ya Restart. Katika matoleo ya Windows kuanzia la 8, kuzima kwa kawaida huweza kuhifadhi sehemu ya mfumo kwa ajili ya kuwaka haraka, na kosa likahifadhiwa pamoja nayo. Restart huanza upya kabisa.

Hilo lisiposaidia, kompyuta izimwe, chaja ichomolewe, betri itolewe ikiwezekana, na kitufe cha kuwashia kishikiliwe kwa sekunde 30 hivi ili mabaki ya umeme yaishe. Kisha, ndani ya Device Manager, vidhibiti vya USB huondolewa na kompyuta huwashwa tena. Windows huvirudisha yenyewe ikiwa na mipangilio mipya. Hapohapo, kwenye kichupo cha usimamizi wa umeme, alama inayoruhusu kompyuta kuuzima mlango ili kuokoa betri iondolewe. Mpangilio huo ni chanzo cha milango inayofanya kazi asubuhi na kunyamaza kompyuta ikishalala.

Kwenye kompyuta za ofisi inafaa pia kuangalia mipangilio ya BIOS au kumuuliza msimamizi wa mitambo. Baadhi ya ofisi huzima milango ya USB kwa makusudi ili kuzuia virusi na wizi wa taarifa.

Kipimo kinachotenganisha programu na chuma ni kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux iliyochomekwa kwenye mlango mzima, kisha kujaribu kipanya kwenye mlango unaoshukiwa. Kikifanya kazi, tatizo limo ndani ya Windows. Kikikataa hapo pia, mlango ni mbovu, au umezimwa kwenye BIOS.

Dalili za kuacha kujaribu

Windows ikitangaza kwamba mlango umezidiwa na umeme, kifaa kichomolewe mara moja. Huenda pini zimegusana au kifaa chenyewe kina shoti. Kompyuta nyingi zina kinga inayokata umeme na kuurudisha hali ikitulia, kwa hiyo mlango unaweza kupona wenyewe baada ya dakika chache. Lakini kompyuta ikizimika ghafla kila kitu kinapochomekwa, mlango ukipata moto, au harufu ya kuungua ikisikika, majaribio yakome. Kila kifaa kinachoendelea kuchomekwa hapo kimo hatarini, na mafaili muhimu yanakiliwe mapema.

Kazi ya fundi

Mlango unaocheza ukishikwa, au unaofanya kazi kebo ikisukumwa upande mmoja tu, kwa kawaida umeachia risasi iliyoushikilia kwenye ubao. Mlango wa mstatili husanifiwa kuhimili kuchomekwa na kuchomolewa angalau mara 1,500, na wa USB-C mara 10,000. Kuvuta kebo kwa pembeni hufupisha umri huo.

Fundi makini huanza kwa mita. Volti zikiwa chini ya 4.75, umeme hautoshi. Zikiwa sifuri, huenda fyuzi imekufa au njia imekatika. Kisha huangalia mlango umefungwaje. Kwenye baadhi ya kompyuta, mlango uko kwenye kibao kidogo kinachounganishwa na ubao mkuu kwa utepe wa nyaya, na kibao hicho hubadilishwa bila kulehemu. Kwenye nyingine, umelehemiwa juu ya ubao mkuu, na kuubadilisha kunahitaji mashine ya hewa ya moto na mkono uliozoea. Mteja ana haki ya kuulizia ni aina ipi kabla ya kukubali bei, kwa sababu gharama hutofautiana sana.

Chipu inayosimamia USB ikiwa imeungua, kubadilisha ubao mkuu mara nyingi hakulipi. Kama kuna mlango mwingine mzima, kigawanyio cha USB hurudisha nafasi iliyopotea kwa gharama ndogo. Mlango mmoja uliokufa si sababu ya kutupa kompyuta ambayo kila kitu kingine chake kinafanya kazi.