Gemu Iliyompa Mchezaji Miguu

Je, wajua kwamba katika gemu nyingi za zamani zinazochezwa kwa macho ya mhusika mwenyewe, ukitazama chini huoni miguu? Unaona sakafu tu. Mhusika ni mikono miwili na bunduki, vinaelea hewani. Oktoba 2008 kampuni ya DICE ya Stockholm, Uswidi, iliyojulikana kwa gemu za vita za Battlefield, ilitoa demo, yaani kipande cha kujaribia, ya gemu ya Mirror's Edge. Humo ukitazama chini unaona viatu vyekundu ukingoni mwa paa la ghorofa, na barabara iko mbali kabisa huko chini. Magoti yanalegea hata kama umekaa kwenye kochi.

Viatu hivyo ni vya Faith, tarishi katika mji msafi ambao serikali yake husikiliza kila mazungumzo. Kwa hiyo ujumbe wa siri hubebwa mkononi, juu ya mapaa. Anakimbia kwa parkour, mbinu iliyokuzwa na David Belle na vijana wenzake huko Lisses, kusini mwa Paris, ya kuvuka vikwazo bila kupoteza kasi. DICE waliiweka katika vitufe viwili. Kimoja ni cha mambo yote ya kupanda: kuruka, kukwea, kukimbia ukutani. Cha pili ni cha kushuka: kuinama, kuteleza, kubingiria. Kazi yote iko kwenye wakati wa kubonyeza. Ukiruka kutoka juu ukabonyeza cha kushuka kabla tu ya nyayo kugusa zege, Faith hubingiria kwa bega na kuendelea na mbio. Ukichelewa, hujipiga chini, huguna, na kasi yote imeisha. Ndivyo ilivyo hata kwa mwili wa kweli: kubingiria husambaza kishindo kwenye sehemu kubwa zaidi ya mwili na kwa muda mrefu zaidi, na mwendo wa kushuka hugeuka kuwa wa mbele.

Rangi nazo zimefikiriwa vizuri. Majengo meupe, anga la buluu, kijani karibu hakuna. Unapokaribia bomba au ubao unaoweza kukusaidia, hugeuka mwekundu, na jicho linajua pa kwenda bila mshale wala ramani. Hakuna hesabu ya risasi wala kipimo cha uhai pembeni mwa kioo. Kuna nukta moja ndogo katikati, na nukta hiyo ina sababu.

Ndani ya sikio tuna mifereji mitatu yenye majimaji, inayoutaarifu ubongo kila kichwa kinapogeuka. Faith anapobingiria, macho yanasema tumepinduka, sikio linasema tumekaa. Taarifa hizo zikigongana, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata kwa watu wengi. Nukta hulipatia jicho mahali pa kutulia, kama mcheza baleti anayezunguka huku amekaza macho sehemu moja. Inasaidia, ila haimalizi tatizo. Mimi tumbo lilianza kulalamika mapema.

Hilo ninalisamehe. Ninachoshindwa kusamehe ni mapigano. Polisi wanapotokea, mtiririko mzuri wa mbio unakatika. Ngumi za Faith hazina uzito, na kumnyang'anya askari silaha kunataka ubonyeze kitufe katika kipande kidogo cha wakati, bunduki inapong'aa nyekundu. Ukikosa unapigwa, unakufa, unarudi nyuma kurudia yale yale. Bunduki nzito ukiishika inakupunguzia mwendo. Wabunifu walitaka tuvikimbie vita, lakini kuna mahali wametufungia njia tukalazimika kupigana. Kuwapa watu miguu mizuri namna hii kisha kuwasimamisha wapigane ni kosa la ubunifu.

Hata hivyo, ile sehemu ya mwisho ya demo, Faith anaporuka kutoka paani na kudaka chuma cha chini cha helikopta, sijaona gemu nyingine ya enzi hizo iliyoifikia kwa kukufanya uhisi una mwili. Icheze kwa ajili ya mbio. Kama wewe ni mwepesi wa kizunguzungu, usizime taa ya chumbani, kaa mbali na kioo, na ukianza kutokwa na jasho baridi acha papo hapo upumzike.